Kuongoza ibada ya nyumbani Mombasa: ya kushika kabla hujaanzisha wimbo

Ukipewa zamu ya kuongoza ibada ya nyumbani, usijaribu kuihamishia ibada ya Jumapili sebuleni. Kazi yako ni kuhakikisha kila aliyekuja ameimba, ameomba na amesikizwa. Paulo aliwaandikia Wakorintho (1 Wakorintho 14:26) kwamba wakikutana kila mmoja ana chake cha kuleta: zaburi, fundisho, ufunuo. Katika chumba cha watu 10 au 12 jambo hilo linawezekana kabisa, na anayelizima mara nyingi ni kiongozi mwenyewe kwa kusema sana.

Panga saa kwanza. Kisauni, Likoni au Majengo, ukuta wako ni ukuta wa jirani, na jirani huyo huenda anaswali. Adhana ya magharibi huwa karibu na saa 12 na nusu jioni, ikisogea kidogo kwa msimu, na ya isha hufuata baada ya saa moja na ushei. Basi anzeni kuimba saa 12:45 au saa 1 kamili kulingana na msimu, adhana na swala zikishapita, mpange isha iwakute mkisoma Neno na si katikati ya mapambio. Saa 2 usiku muwe mmemaliza: kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia hapo, na kiwango kinachoruhusiwa nje kwenye mitaa ya makazi hushuka kutoka desibeli 50 hadi 35. Mwezi wa Ramadhani, hamisheni ibada iwe Jumamosi asubuhi. Kabla ya ibada ya kwanza, nenda mwenyewe kwa mwenye nyumba na kwa majirani wa ukuta kwa ukuta, uwaambie siku na saa. Msipofanya hivyo, wataijua ibada yenu kwa kelele, na hapo hata wimbo mzuri ni ugomvi.

Spika acheni kanisani. Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye sakafu ya saruji na mabati juu kinakuza sauti chenyewe. Kayamba moja inatosha, na anayeipiga akae mlangoni, maana ikiwa katikati inafunika maneno na wageni hawajui wanaimba nini.

Sasa wimbo wenyewe, ambapo viongozi wapya wengi huteleza. Wanaanzisha juu mno. Ubeti unapita vizuri kwa sababu uko chini, kisha kiitikio kinapanda, akina baba wananyamaza, akina mama wanakaza shingo, na kiongozi anabaki peke yake akidhani watu hawana roho ya sifa. Wana roho, hawana pumzi tu. Dawa yake ni hii: kabla ya kufungua mdomo, vumisha polepole ile sauti ya juu kabisa ya kiitikio. Ukiifikia bila kuinua kidevu, teremka hadi mwanzo wa ubeti uanzie hapo. Ukishakosea, usishushe katikati ya mstari. Ngoja kiitikio kiishe, vuta pumzi mbili, anza upya chini. Hakuna atakayelalamika.

Makofi nayo hukimbiza wimbo, hasa watoto wakiwapo. Piga yako taratibu, tena kwa sauti ndogo, na mguu ushike mwendo. Nyimbo nne zinatosha, mbili za kuchangamka na mbili za kuabudu. Chagua zenye kiitikio kifupi ambacho mgeni anakishika mara ya pili, kwa kuwa vitabu havitoshi na stima inaweza kupotea. Ubeti mmoja wa Kigiriama au Kitaita, akiwapo wa kuuanzisha, humfungua mzee aliyekuwa amekaa kimya tangu aingie.

Kwenye kusoma, usizungushe Biblia kila mtu aya moja. Kila mkutano una asiyesoma vizuri, au aliyesahau miwani, naye anahesabu vichwa akiona zamu inamkaribia. Wiki ijayo haji. Muulize mtu mapema, mlangoni: "Mama, utatusomea Zaburi 121? Ni aya 8 tu." Akisita, mwachie. Au tumieni Zaburi ya 136: msomaji mmoja asome nusu ya kwanza ya kila aya, wengine wote waitikie "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Aya 9 za kwanza na 4 za mwisho zinatosha. Asiyejua herufi hata moja anashiriki sawasawa na mwalimu.

Ushuhuda upewe dakika tatu, na useme hivyo kabla, si baada ya mtu kurefusha. Akipitiliza, ngoja avute pumzi, sema "Bwana asifiwe, tumshukuru Mungu kwa hilo," uanzishe wimbo. Akianza kueleza mambo ya ndoa yake au deni la fulani, mkatize mara moja kwa upole, umwambie mtaomba naye pembeni. Maombi ya haja yarudie kwa ufupi bila majina, na yasiandikwe kwenye kundi la WhatsApp. Picha zisipigwe bila kuuliza: Mombasa wapo wanaokuja bila familia zao kujua, na picha moja inaweza kumfukuzisha mtu kwao.

Maombi ya pamoja kwa sauti yanafaa mchana. Usiku omba mmoja mmoja, sentensi mbili tatu. Kimya kikiingia, usikijaze haraka. Hesabu hadi 20 moyoni. Mwenye haya hujitokeza karibu na 15.

Sadaka ihesabiwe na wawili mbele ya watu na iandikwe daftarini siku hiyo hiyo. Isitumwe kwenye simu ya kiongozi. Meza ya Bwana muulizeni mchungaji wenu, kwani kila kanisa lina utaratibu wake.

Mwisho ni chai, nayo iwekewe mpaka tangu mwanzo: chai na mahamri, basi. Mwenyeji mmoja akipika biriani, wa wiki inayofuata atakopa ili asiaibike, na wa tatu atasema nyumba yake inapakwa rangi. Ibada itabaki ikizunguka nyumba mbili za wenye uwezo, na walio kwenye chumba kimoja cha kupanga watakuwa wageni daima. Mwenye kutaka kupika zaidi, awapelekee wagonjwa.