Wadogo zangu, ufunguo wa zamani haufutwi siku hiyo hiyo

Jana jioni kijana wa zamu ameandika kwenye grupu: "Funguo za bakapu tayari zimebadilishwa." Nikaingia kwenye seva kuangalia. Alichobadilisha ni nenosiri la restic, programu yetu ya bakapu inayosimba data, yaani inaifunga isisomeke bila ufunguo. Huyu ni wa tatu mwaka huu. Nawapenda wote, lakini jamani!

1. Nenosiri si ufunguo. Kwenye restic, nenosiri linafungua kifuniko tu. Ufunguo mkuu uliomo ndani ni ule ule tangu siku ya init, yaani siku hazina (ghala la bakapu) ilipoanzishwa. Aliyeacha kazi akiwa na nakala ya faili la ufunguo na nenosiri la zamani bado anausoma. Fungua hazina mpya, hamisha bakapu kwa amri ya restic copy, hakiki, ndipo ufute ya zamani.

2. Kwa wa Tarsnap, huduma ya bakapu ya mtandaoni: amri za keygen na keyregen ni vitu viwili. Ya kwanza inaanza upya kabisa. Ya pili inaandaa ufunguo wa kupokea data yenu ya zamani kupitia amri ya recrypt, ambayo inashusha kila kitu, inakisimba upya na kukipandisha tena, kwa hiyo pigeni hesabu ya bando. Januari 2011, Colin Percival, mwanzilishi wa Tarsnap, alipotangaza kosa la usimbaji kwenye matoleo yake 1.0.22 hadi 1.0.27, kusasisha programu kulitibu data mpya tu. Iliyokwisha kupanda ilibaki vile vile mpaka isimbwe upya.

3. Hili linaniuma hadi leo. Nilikuwa nahudumia ofisi ndogo ya uhasibu. Mfanyakazi mmoja aliondoka vibaya, bosi akasema badilisha funguo. Nikatengeneza mpya, nikaendesha bakapu, ikapita bila kosa. Nikapiga shred -u, amri ya kufuta faili lisirudi tena, kwenye faili la ufunguo wa zamani, roho kwatu. Wiki tatu baadaye mama mhasibu akanipigia: "Mwanangu, ile ya Machi imeharibika, nirudishie." Nikaorodhesha. Bakapu ya kwanza kabisa ilikuwa ya siku niliyobadilisha ufunguo. Za nyuma zilikuwepo kule, tunazilipia, na hakuna duniani wa kuzifungua. Nikawaandikia watoa huduma nikiomba msaada. Wakanijibu kwa upole kwamba ufunguo wetu hawajawahi kuwa nao. Ni kweli, ndiyo maana tuliwachagua. Yule mama alishusha maboksi ya risiti kutoka juu ya kabati, akavaa miwani, tukaanza kuingiza moja moja. Siku tisa. Hakunifokea hata mara moja, na kila saa saba aliniagizia chai na chapati mbili. Afadhali angenifokea.

4. Kabla ya kufuta ufunguo wa zamani, jaribuni kurejesha faili la zamani kutoka kwenye bakapu kwa ufunguo mpya, kwenye mashine nyingine.

5. Nakala ya ufunguo ikae kwenye karatasi, kabatini, nje ya seva.

Kijana wa jana, hazina mpya nimeshakufungulia. Anza copy usiku huu bando likiwa rahisi, faili la ufunguo wa zamani usiliguse. Niko macho mpaka saa sita, piga simu.