Miguu inawaka moto, mkojo una povu: mama apimwe nini?

Dada, pole. Kama mama ana kisukari, miguu inamwaka moto usiku na mkojo una povu, acha kumnunulia dawa ya maumivu ya diklofenaki hapo Kayole leo hii. Inapunguza damu inayofika kwenye figo, na maumivu ya neva hayaisikii. Kliniki ombeni uwiano wa albumini (protini) na kreatinini (taka inayochujwa na figo) kwenye mkojo, na kreatinini ya damu ili wakadirie uchujaji wa figo. Uchujaji huo ukiwa chini ya 30, daktari husimamisha metformini, dawa ya kisukari; msijiachishie wenyewe. Kwa neva kuna amitriptilini au pregabalini, hii ya pili dozi hupunguzwa figo zikidhoofika.

Kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko chako, na asiote jiko la makaa: mguu wenye ganzi huungua bila yeye kujua. Kidonda, hata kisichouma, kionwe hospitalini siku hiyohiyo.