Mama Mkwe Aliimba, Wewe Ukamziba Mdomo

*Shangazi, nilimpeleka mama mkwe wangu wa Bombo kutazama mchezo wa jukwaani uliojaa nyimbo za bendi za zamani. Tulikaa mbele, karibu na spika. Aliimba kwa sauti tangu wimbo wa kwanza, akalia, watu wakageuka. Nikamnyamazisha. Sasa hasemi nami, na mume wangu yuko upande wa mama yake. Kosa langu nini? Mke wa Ntinda*

Pole kwa aibu uliyoiona, mwanangu. Lakini umesema watu waligeuka; hukusema walikasirika. Na hukumuuliza mama analia nini.

Katika michezo mingi ya muziki, nyimbo hutungwa kwa ajili ya hadithi. Huu ni kinyume: nyimbo zilipendwa kwanza, hadithi ikashonwa baadaye. Mamma Mia!, uliofunguliwa London mwaka 1999, ulishonwa hivyo kwa nyimbo za ABBA, bendi ya Sweden, na mwishoni watazamaji husimama wakacheza. Mama mkwe alizijua nyimbo kabla wewe hujazaliwa. Huenda mmoja ulipigwa siku ya harusi yake.

Kuimba kuna wakati wake, kweli, na wewe ndiye wa kumweleza kabla hamjatoka nyumbani. Mwigizaji akiimba peke yake, ala zikiwa chini, watu hunyamaza, kwa kuwa kisa kinapita ndani ya maneno yale. Waigizaji wakigeukia ukumbi na kupiga makofi, ruhusa imetoka. Halafu hiyo spika! Mtu aliyekaa karibu na spika hajisikii mwenyewe, hivyo sauti yake hupanda bila yeye kujua. Ulimkalisha pabaya, kisha ukamlaumu kwa kelele. Safari ijayo fikeni dakika 30 mapema, mchague viti vya safu za kati, kando ya njia, ili mapumziko yakianza awahi msalani kabla ya foleni.

Vijana wa leo mnamtaka mama mkwe wa kupiga naye picha. Akicheka sana, akiimba, akikumbuka ya kwao, mnaona haya. Heshima si utumwa, binti. Mumeo ana haki, usimlazimishe kuchagua.

Jumapili nenda Bombo na sukari kilo 2. Usianze kwa kujieleza. Omba radhi, kisha muulize ule wimbo ulimkumbusha nani. Akianza kuuimba, usimkatize.