Masika yameingia: namna ya kuwafurahia ndege wa porini nyumbani na kuwasaidia bila kuwaharibia

Dada uliyeuliza kutoka Bagamoyo, umeeleza kwamba tangu mvua zianze ua wako umejaa ndege, kwamba minana wamejenga kwenye mnazi ulio karibu na dirisha lako, na kwamba jirani amekushauri uyakate makuti yenye viota ili upate usingizi wa asubuhi. Umeuliza pia kama uwawekee mchele, kama ununue vijumba vya mbao, na ufanye nini na kunguru. Mimi naishi Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, na kwa miaka mingi nimeutunza ua wangu nikiwafikiria ndege, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe pamoja na yale yanayofahamika kuhusu ndege hawa.

Kwanza nakuomba usiyakate hayo makuti. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni wakati ambapo ndege wengi wa pwani yetu hutaga na kulea, na sababu kubwa ni chakula: mvua huotesha majani, majani huleta viwavi na panzi, na baada ya wiki kadhaa nyasi nazo huanza kuzaa mbegu. Hata ndege ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka hula punje, minana wakiwamo, huwalisha makinda wao wadudu, kwa sababu kinda hukua kwa kasi na punje pekee haimtoshi. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mchele. Kwa sasa usiuweke. Utawavuta panya na kunguru waje kwenye ua uleule wenye makinda, ilhali kinda mwenyewe hatanufaika na hata punje moja. Ukitaka kuwawekea chakula, subiri kiangazi nyasi zinapokauka. Masika hii msaada mkubwa kuliko wote ni kuacha kupulizia dawa ya wadudu bustanini, na kuacha kipande cha nyasi kirefuke hadi kizae mbegu, hata kama ni ukanda mwembamba tu kando ya ukuta. Katika ukanda wa namna hiyo chiriku huja kudonoa, na ukiwa karibu na bonde au shamba la mpunga unaweza kumpata kweche dume akiwa amevaa wekundu wake, ambao huwa nao msimu wa kulea tu, kisha hurudi kwenye rangi ya kahawia kama jike.

Sasa nirudi kwa minana, kwa maana hao ndio watakaokupa furaha kubwa zaidi ukikubali kuwatazama. Kaa dirishani kuanzia saa 12:30 asubuhi na umchague dume mmoja tu, yule mwenye kichwa cheusi, mwili wa manjano na macho mekundu, halafu usimwachie. Utamwona akitua kwenye ukingo wa jani la kuti, akilikata kidogo kwa mdomo, kisha akiruka na ukanda mrefu unaochanika nyuma yake kadiri anavyokwenda. Huanza kwa kufuma pete, akasimama ndani yake, na kutoka hapo hufuma chumba upande mmoja na kiingilio upande wa pili, akitumia mdomo kupitisha ukanda na kuufunga. Kiota kikiwa tayari hujining'iniza chini yake, akapiga mabawa na kuimba kwa makelele mengi ili majike waje kukikagua. Hayo makelele unayoyalalamikia ni madume wanaonadi nyumba zao. Jike huingia, huvuta vuta kuta, na asiporidhika huondoka. Kiota kisichopata jike hunyauka na kugeuka rangi ya kahawia, na mara nyingi dume mwenyewe hukibomoa akaanza kingine kibichi. Jike akikubali, yeye ndiye hutandika ndani kwa nyasi laini na manyoya, hutaga, na hulalia mayai kwa muda wa karibu wiki mbili.

Maarifa haya yana faida kwako hasa baada ya upepo mkali, utakapovikuta viota vimetapakaa chini ya mnazi na moyo ukakuuma. Okota kimoja uchungulie ndani. Kisipokuwa na tandiko, hicho hakikupata jike wala hakikuwa na yai, na vingi vinavyoanguka ni vya aina hiyo. Kuhusu mnazi wenyewe, ni kweli kwamba kundi kubwa la minana linaweza kuyachana majani hadi zikabaki njiti, na mkulima anayetegemea nazi ana haki ya kulalamika. Lakini mnazi wenye afya hutoa kuti jipya karibu kila mwezi, na kwa mnazi mmoja wa nyumbani sioni kwamba hasara hiyo inatosha kuwa sababu ya kuangusha makinda.

Kwenye mnazi huohuo yuko mwingine ambaye watu wengi hawamwoni kabisa. Ni ndege mwembamba wa kahawia, mwenye mabawa kama mundu na mkia mrefu uliogawanyika, arukaye siku nzima akinasa wadudu hewani. Yeye hubandika kiota kidogo cha manyoya kwa mate yake kwenye kuti linaloning'inia, na mayai nayo huyagandisha kwa mate yasidondoke kuti linapoyumba. Kwa hiyo kuti kavu lililolala kwenye shina, ambalo mpanda minazi huliona ni uchafu wa kusafishwa, huenda likawa ndilo makazi yake. Kama halitishii kumwangukia mtu, liache hadi mvua zipite.

Vivyo hivyo kwa viota vya udongo chini ya dari ya baraza. Wapo mbayuwayu wa hapahapa kwetu ambao hutumia tope la masika kujenga kiota chenye mlango mfano wa bomba, na watu huvigonga kwa ufagio kwa sababu ya kinyesi. Ubao mwembamba ukiupigilia umbali wa nusu mita chini ya kiota, kinyesi hukusanyika hapo, na wewe unabaki na ndege wanaokula mbu na nzi kuzunguka nyumba. Ukifagia dari, usimalize utando wote wa buibui, kwa kuwa chozi, yule ndege mdogo anyonyaye asali ya maua, huutumia kufungia kiota chake kinachoning'inia kama mfuko mdogo. Nimewahi kumtazama jike wa chozi akiukusanya utando mdomoni kwenye pembe ya jiko langu la nje, akienda na kurudi bila kunijali, na baada ya hapo nikamwambia msaidizi wetu aiache pembe hiyo. Kumvuta chozi nyumbani si kazi kubwa: mgomba unaochanua na shubiri vinamtosha kwa asali ya maua, na buibui wadogo anaowalisha makinda atawatafuta mwenyewe.

Kuhusu kunguru, hofu yako ina msingi. Yule mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili asaidie kuondoa taka, akasambaa pwani nzima, na leo ndiye mharibifu mkubwa wa mayai na makinda katika miji yetu. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru hao kwa milioni moja, na Zanzibar na Dar es Salaam nako zimefanyika kampeni za kuwaua. Usimchanganye na kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe. Nyumbani kwako silaha ya kwanza ni usafi: funika pipa la taka, fukia mabaki ya samaki, usiache chakula cha mbwa nje, na ukiona kunguru wa kigeni wanaanza kujenga mwembeni, ondoa vijiti mapema kabla hawajataga. Sumu usiitumie kamwe, kwa sababu huwezi kuchagua nani ataila, na mwewe au paka atakayekula mzoga atakufa pia. Kazi ya sumu waachie wataalamu.

Paka wako naye afungiwe ndani alfajiri na jioni walau kwa miezi hii, kwani makinda wanaojifunza kuruka hushinda chini au kwenye matawi ya chini. Ukimkuta kinda mwenye manyoya kamili akirukaruka majanini, hajapotea. Wazazi wake wapo karibu wanakusubiri uondoke. Mweke juu ya kichaka kama kuna hatari, kisha nenda zako. Aliye uchi au mwenye manyoya machache mrudishe kiotani ukiweza kukifikia. Ile imani kwamba mama humkataa mwanawe akinusa mkono wa mtu si ya kweli. Usimpe maziwa, na usimdondoshee maji mdomoni, kwani huingia kwenye pumzi akafa.

Maji ya kuoga, hata masika, ndege huyapenda. Sahani pana ya udongo yenye kina cha vidole viwili inatosha, ila maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili na sahani isuguliwe, maana sote tunakumbuka homa ya dengue ya Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, na mbu wake huzaliana katika maji ya namna hiyo.

Tazama pia nyaya za umeme mwezi wa Machi na mwanzo wa Aprili. Mbayuwayu wanaojipanga hapo kwa wingi, wenye koo la wekundu wa kahawia, ni wageni wanaojiandaa kurudi Ulaya na Asia, ambako baridi inaisha na majira ya kuchipua yanaanza, ili nao wakalee huko. Kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi na atavuka jangwa la Sahara au la Arabuni. Andika tarehe ya mwisho unayowaona. Ukiiweka kwenye programu ya eBird, ambayo ni ya bure, au ukiipeleka Tanzania Bird Atlas, mradi unaokusanya kumbukumbu za ndege wa nchi yetu, taarifa ya ua mmoja huungana na za wengine na kuonyesha safari zao zinavyobadilika.

Vijumba vya mbao sikushauri ununue. Minana, chozi na shore hawaingii ndani ya sanduku. Wenye kuhitaji tundu ni kama kwenzi, na hao hulipata kwenye miti iliyokauka iliyotobolewa na vigong'ota. Kwa hiyo kama una mwembe au mkorosho uliokufa, usiung'oe wote. Subiri Agosti, hakikisha hakuna ndege anayeingia na kutoka, kata matawi yanayoweza kuangukia paa, na ubakize shina la mita 3 au 4 likiwa limesimama mbali na njia ya watoto.