Kabla hujanunua antena nyingine: majibu kwa wasomaji wa Moshi na Arusha

Shikamoo fundi. Niko Kibosho. Picha ilikuwa safi tangu Januari, masika yalipoanza inaganda na sauti inakatika. Kijana wa dukani anasema ninunue antena kubwa. Ninunue?

Marahaba mama. Usinunue kwanza. Antena iliyoshika vizuri Januari haiwezi kuwa ndogo Aprili. Kilichobadilika ni maji, na maji hupenda kuingia kwenye waya.

Juzi juzi nilipanda juu ya bati kwa mteja mmoja wa Uru, malalamiko ni haya haya. Nilipofungua kiunganishi cha nyuma ya antena, shaba ya katikati ilikuwa imegeuka kijani. Nikaupinda waya, likadondoka tone la maji kutoka ndani. Tulikata karibu nusu mita hadi tukafikia shaba inayong'aa, tukafunga kiunganishi kipya, picha ikarudi hapo hapo. Antena ni ile ile.

Atakayekufungia aangalie zile nyuzi nyembamba za wavu wa nje: uzi mmoja tu ukigusa shaba ya katikati, mawimbi yanakufa. Kisha aviringishe utepe wa mpira juu ya kiungo, na waya kabla haujaingia dirishani auache uning'inie kitanzi kuelekea chini ili maji yadondokee nje. Na tafadhali, asipande bati likiwa bado limelowa.

Waya ukiwa mzima, tazama migomba. Majani mabichi, hasa yaliyolowa, hunyonya mawimbi ya televisheni, na mgomba uliopandwa mwaka juzi huenda sasa umeipita antena kwa kimo. Usiukate. Ongeza urefu wa bomba linaloshikilia antena, au sogeza antena pembeni. Wimbi lenyewe lina urefu wa kama nusu mita, kwa hiyo hata hatua moja kushoto au kulia inaweza kukutoa kwenye shida.

Zamani TV ilikuwa na chenga lakini taarifa ya habari tuliiona. Siku hizi ni picha safi au hakuna kitu. Kwa nini? (Pasua, Moshi)

Kwa sababu analogi, iliyozimwa huku kwetu mwaka 2013, ilileta picha yenyewe hewani, na ikichoka ilichoka polepole. Dijitali inaleta namba. King'amuzi kina uwezo wa kusahihisha namba zilizoharibika njiani, ila kwa kiasi. Zikizidi, unaona miraba, picha inaganda, kisha kioo cheusi. Hatari yake ni kwamba picha inaweza kuwa safi kabisa huku umebakiza kidogo tu kuanguka. Ndiyo maana nasisitiza watu wafungue menyu ya king'amuzi waangalie mistari miwili, nguvu na ubora. Ubora ndio wa kuuamini.

Nimefunga busta. Nguvu inasoma 95, lakini ubora unapanda na kushuka. (Sakina, Arusha)

Busta haichagui. Inakuza mawimbi ya TV pamoja na uchafu wote uliokuja nayo, na kama una mnara wa simu jirani, inaweza kulemewa kabisa. Itoe, unganisha antena moja kwa moja, soma ubora upya. Nimeona nyumba nyingi zikipona kwa kutoa kitu badala ya kuongeza. Kama kweli unaihitaji kwa sababu waya ni mrefu, ikae juu karibu na antena. Nyuma ya TV imeshachelewa. Jaribu pia kuzima taa za LED na kuchomoa chaja za bei rahisi, moja moja, huku mwenzako akitazama mstari wa ubora.

Antena ya vijiti ielekee wapi? (Njiro)

Vijiti vifupi mbele, upande wa mnara. Wengi huigeuza. Tazama antena za majirani wanaopata vizuri: zinaelekea wapi, na vijiti vyao vimelala au vimesimama. Fuata hivyo hivyo. Geuza kidogo kidogo na usubiri sekunde chache kila mara, maana king'amuzi hakijibu papo hapo. Ukimaliza, tafuta chaneli upya.

Antena moja, TV mbili, zote zinakatakata.

Kigawanyio kinaipa kila TV chini ya nusu ya mawimbi. Ichomoe moja, nyingine ikitulia, umepata jibu.

Nyumba yangu iko chini korongoni, na majirani pia hawapati. (Old Moshi)

Pole sana. Azima antena, uizungushe kila kona ya kiwanja, na juu ya bomba refu uwezalo kupata, ukisoma ubora. Usipoona ubora ukipanda popote, usitoe hela ya antena yoyote, hata usifiwe vipi. Ukingo wa mlima ndio unaokuzibia mnara. Hapo chukua dishi: lenyewe linatazama angani, juu ya ukingo.