Namba ya chanzo kinachotajwa zaidi ya mara moja

Je, katika mtindo wa Vancouver, ambao hutaja vyanzo kwa namba, chanzo kinachotajwa tena hupewa namba mpya? La, chanzo ulichokwisha kukitaja hakipewi namba mpya kinapotajwa tena. Kikiwa namba 4 mara ya kwanza, kinabaki namba 4 hadi mwisho wa makala, hata kikirudiwa mara kumi. Ndivyo ulivyo mtindo huu, uliotokana na mkutano wa wahariri wa majarida ya tiba mjini Vancouver, Kanada, mwaka 1978, na ambao hupanga marejeo kwa mfuatano wa kutajwa, si kwa alfabeti. Panapowakwaza wengi, nami nikiwamo, ni kwenye majedwali: chanzo kinachotajwa ndani ya jedwali pekee hupata namba kulingana na mahali jedwali hilo linapotajwa kwa mara ya kwanza katika matini, kwa hiyo ukilihamisha jedwali kutoka sehemu ya matokeo kwenda ya mbinu, namba zinazofuata nazo hubadilika. Programu ya kupanga marejeo huzirekebisha yenyewe, ila haisomi jedwali lililobandikwa kama picha. Kuhusu waandishi, desturi ni kuorodhesha sita wa kwanza kisha “et al.” (yaani “na wengine”), lakini baadhi ya majarida huishia watatu, hivyo soma kwanza maelekezo ya jarida lenyewe.