Vidole vya zinki huisomaje DNA?

SWALI: Katika kitabu cha biolojia cha binti yangu nimesoma kuwa zipo protini zenye "vidole vya zinki" vinavyoishika DNA. Je, ni zinki yenyewe inayoigusa DNA? Na protini hizo hupatambuaje mahali pa kushika bila kuzitenganisha nyuzi zake mbili? — Msomaji, Tanga

JIBU: Zinki haiigusi DNA hata kidogo, kazi yake ni kukikaza kidole. Kidole kimoja ni kipande cha asidi amino (vijenzi vya protini) 30 hivi, kifupi mno kuweza kudumisha umbo lake peke yake, na ioni moja ya zinki, ikishikwa na asidi amino zake nne, sisteini mbili na histidini mbili, ndiyo hukifanya kikunjike barabara. Zinki ikiondolewa, kidole hulegea na kushindwa kushika.

Kinachosoma ni msokoto mdogo ulio upande mmoja wa kidole, unaoingia katika mfereji mkubwa wa DNA, yaani bonde pana lililo kati ya nyuzi zake mbili. Nyuzi hazina haja ya kuachanishwa, kwa kuwa kingo za besi (herufi za DNA: A, T, G na C) hufikika kutoka ndani ya mfereji huo, na kila jozi ya besi ina mpangilio wake wa sehemu za kufungia vifungo vya haidrojeni. Tazama protini ya panya iitwayo Zif268, ambayo Nikola Pavletich na Carl Pabo walichapisha umbo lake mwaka 1991: vidole vyake vitatu huizunguka DNA, kila kimoja kikishughulikia takribani jozi tatu. Mahali inaposhika ni GCGTGGGCG, na wingi huo wa G, yaani besi ya guanini, si bahati, kwani arginini (asidi amino nyingine) za vidole hivyo hushikana na guanini kwa vifungo viwili viwili. Hata hivyo, tusidhani kwamba kila kidole husoma peke yake, maana hugusa pia jozi ya jirani, na ndiyo sababu kuviunga vidole vipya maabara ni kazi ngumu kuliko inavyosimuliwa.

DNA si shabaha pekee. TFIIIA, protini ya chura Xenopus ambamo Aaron Klug na wenzake walivitambua vidole hivi mwaka 1985, ina vidole tisa: vitatu vya mwanzo ndivyo hasa huishika DNA, ilhali cha 4 hadi cha 6 huishika RNA ya 5S, mojawapo ya RNA za ribosomu, kiwanda cha protini cha seli. Kwa kuwa mfereji wa RNA ni mwembamba na wenye kina, cha 4 na cha 6 hutafuta besi zilizojitokeza kwenye vitanzi, na cha 5 hugusa uti wa RNA hiyo. VVU navyo vina protini yenye vidole viwili vya aina nyingine, vya sisteini tatu na histidini moja, vinavyonasa guanini zilizo wazi katika RNA ya kirusi hicho wakati inapofungashwa.